Baba Yupo Hewani

DADA: Haloo? Haloo, ni nani?

WAYA: Mimi.

DADA: Mimi nani? Hapa hakuna jina, imeandika tu—

WAYA: Waya. Mdogo wako. Umenipigia mara tatu.

DADA: Aa, Waya! Mbona unasikika kama uko ndani ya pipa?

WAYA: Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Uko kazini?

WAYA: Niko stoo, nimejificha nyuma ya makasha. Msimamizi akinikuta hapa ni balaa. Kuna nini? Mama mzima?

DADA: Mama mzima, yuko uani anaosha vyombo. Ni mashine ya baba, kompyuta yake.

WAYA: Imefanya nini?

DADA: Feni inalia wiki ya tatu sasa. Kuanzia jana inatoa harufu, ile ya plastiki ikikaribia moto. Nikilala inanifuata mpaka kitandani.

WAYA: Fungueni dirisha la chumba. Ni joto tu hilo.

DADA: Waya, leo ninaizima.

WAYA: Hapana, subiri—

DADA: Nimeomba ruhusa shuleni, nimewaacha watoto wa watu na mwalimu mwenzangu, kwa kazi hiyo tu.

WAYA: Dada, nilishakwambia. Mashine ile ikizimwa haitawaka tena. Na yako nayo haitapata mtandao, simu ya mama haitapata, nyumba nzima itakuwa giza.

DADA: Ulinambia, ndiyo. Nikamweleza yule fundi kompyuta wa njia panda. Unajua alifanya nini?

WAYA: Yule anajua nini yule—

DADA: Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mwalimu, modemu si imechomekwa kwa mzee? Ichomoe, ichomeke kwako. Waya uleule uliokuwa unakuletea wewe sasa utapeleka kwa wengine. Unaweka alama sehemu moja kwamba unaruhusu kugawa mtandao, basi." Dakika kumi, kasema. Wewe umenizungusha wiki tatu.

WAYA: (mikwaruzo) ...si rahisi hivyo...

DADA: Nini? Unakatika.

WAYA: Nasema si rahisi hivyo. Mashine mbili haziwezi kugawa kwa wakati mmoja. Zitagombana. Inayogawa ndiyo inakuwa nambari moja, nyingine zote ni wageni wake. Nambari moja ni ya baba.

DADA: Ndiyo maana nataka kuizima yake.

WAYA: Halafu yako ndiyo iwe nambari moja?

DADA: Usiniulize kwa sauti hiyo. Unadhani naitaka? Siitaki. Lakini baba ana siku hamsini na tatu kaburini na mashine yake siku zote hizo haijapumzika. Ile betri ya akiba uliyotuletea inaibeba kila umeme ukikatika. Nyumba itaungua, Waya. Mama yumo ndani.

WAYA: (kimya)

DADA: Haloo?

WAYA: Nipo.

DADA: Kwa nini ulinidanganya?

WAYA: Sikukudanganya, nili... Dada, uko chumba gani?

DADA: Kwangu. Nimekaa kitandani, namsikia huyu feni upande wa pili wa ukuta.

WAYA: Nani anaingia kule kwake?

DADA: Hakuna. Mama alifunga siku watu walipoondoka msibani, ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo yake. Kasema karatasi za baba zisiguswe. Si unajua, kuna barua za maombi za watu alizokuwa hajamaliza kuchapa.

WAYA: Kwa hiyo hakuna mtu. Una hakika?

DADA: Nina hakika. Kwa nini?

WAYA: Basi tu.

DADA: Waya, usinifanyie hivyo. "Basi tu" yako naijua tangu ulipokuwa unang'oa nyaya za redio. Sema.

WAYA: Utaniona mwehu.

DADA: Mwehu nilishakuona zamani. Sema.

WAYA: Baba yupo hewani.

DADA: Unasemaje?

WAYA: Kwenye ile programu yake ya kuandikiana, jina lake lina kidoti cha kijani. Linawaka mchana kutwa.

DADA: Aa. Waya. Hilo si jambo la kutisha, wewe si ndiye fundi? Mashine haijazimwa. Aliiacha wazi asubuhi ile tulipompeleka hospitali, na ikawa lazima iwake ili sisi wengine tupate mtandao. Kidoti kitazimika vipi?

WAYA: Najua. Unadhani sijui? Hilo nalijua hata nikiwa usingizini. Lakini mimi nilikuwa... nilikuwa namwandikia.

DADA: Nani?

WAYA: Baba.

DADA: Tangu lini?

WAYA: Tangu siku ile. Kila asubuhi kabla sijaingia kazini. Mambo ya kawaida tu. Nimeamkaje, nimekula nini, msimamizi kanitukana vipi. Nilikuwa najua naandika kwa mashine, dada, sikuwa na wazimu. Lakini zinasomwa.

DADA: Zinasomwaje?

WAYA: Inatokea chini, "imesomwa". Si mara moja. Nikiandika saa moja asubuhi inakaa tu. Ikifika saa nne na dakika kama kumi hivi, inasomwa. Kila siku, isipokuwa Jumamosi na Jumapili.

DADA: Saa nne...

WAYA: Baba alikuwa anafungua kazi saa ngapi?

DADA: Usianze.

WAYA: Saa ngapi, dada?

DADA: Saa nne. Akishakunywa chai. Lakini— (mikwaruzo) —mashine zina mambo yake, labda ndivyo ilivyopangwa, labda—

WAYA: Hakuna programu ya namna hiyo. Nimetafuta. Halafu Jumatano, saa nne na robo, ikaandika, "Anaandika".

DADA: Nani anaandika?

WAYA: Ndivyo ilivyosema. Jina la baba, halafu chini yake, "Anaandika". Dada, nilikuwa nimebeba kasha la glasi nikaliacha lidondoke. Dakika kumi na moja nimesimama natazama. Inaandika, inaacha. Inaandika, inaacha. Halafu ikanyamaza. Haikuja kitu.

DADA: (kimya)

WAYA: Dada?

DADA: Jumatano nilirudi mapema. Watoto walikuwa na chanjo.

WAYA: Ehe?

DADA: Nilikuwa koridoni navua viatu. Nikasikia kitu. Tak. Halafu kimya, hata nikadhani kimekwisha. Tak tena.

WAYA: Kibodi.

DADA: Nilijiambia ni feni. Baba akichapa ilikuwa mvua juu ya bati, unakumbuka, mpaka wateja walikuwa wanachungulia waone ana vidole vingapi. Hii ilikuwa moja, halafu moja. Kama mtu anayepapasa gizani. Nikaingia chumbani kwangu nikajifunika shuka, mimi mtu mzima, mchana kweupe. Sikumwambia mtu.

WAYA: Sasa unaelewa kwa nini sikutaka uizime.

DADA: Siku zote hizi ulitaka nini, Waya? Akujibu?

WAYA: Nilitaka asiondoke. Basi.

DADA: Na mimi nilitaka, unadhani mimi ni jiwe? Namsikia feni ukutani nasema, haya, yupo, anachapa barua za watu. Nikipata usingizi ni kwa sababu ya huyo feni. Lakini sasa ananuka moto, mdogo wangu. Sina la kufanya.

WAYA: Ufunguo unao?

DADA: Ninao. Nilidhani mama atakataa. Amenitazama, akafungua pindo akanipa. Akasema tu, "Usizime bila mimi." Haya, nasimama. Nakwenda nawe hivihivi simuni, usikate.

WAYA: Sikati. Dada, kabla hujaingia—

DADA: Niko mlangoni. (mikwaruzo) Kufuli gumu... Limeachia. Uuh, joto! Ni kama nimefungua tanuri.

WAYA: Unaona nini?

DADA: Meza. Karatasi zake kama alivyoziacha, na kile kipande cha tofali alichokuwa anakandamizia. Koti kwenye msumari. Skrini inawaka.

WAYA: Dirisha la kuandikiana liko wazi?

DADA: Liko wazi, limejaa skrini nzima. Ni wewe, Waya. Ni wewe tu, juu mpaka chini. Yesu na Maria, maneno yote haya...

WAYA: Usisome.

DADA: "Baba, leo mvua imenyesha mpaka viatu vimeelea..."

WAYA: Dada, nakuomba, usisome! Nenda kwenye kona ya chini, bofya—

DADA: "Baba, nimemwota mama ananiita ndani, nikaamka nikavaa viatu."

WAYA: Dada!

DADA: "Baba, bosi hakuninyima ruhusa."

WAYA: (kimya)

DADA: "Alinipa siku saba na nauli nilikuwa nayo..." Waya, hii ni nini?

WAYA: Nilikwambia usisome.

DADA: Tulisogeza maziko kwa siku mbili tukikusubiri. Ulinipigia unalia, ukasema bosi ana roho mbaya, nikamlaani mtu wa watu nisiyemjua. Watu walikuuliza makaburini, nikawajibu kwa kinywa changu kwamba umezuiwa kazini!

WAYA: Nilifika stendi. Nilikaa na begi mapajani. Gari wanapakia, wanaita majina. Nikafungua simu nione saa, nikakuta jina la baba lina kidoti cha kijani. Linawaka, dada. Nikajiambia, baba yupo hewani, sasa mimi nakwenda kuzika nani?

DADA: Wewe uliyefunga mashine hizo kwa mikono yako ndiye hukujua kwa nini kinawaka?

WAYA: Nilijua. Nilijua nikiwa nimekaa palepale. Gari likaondoka na mimi nikabaki nalitazama. Ningekuja ningeona udongo. Kama sijauona udongo, basi... sijui. Sijui dada. Niliona haya kukwambia. Na mama ndiyo kabisa. Kila Jumapili ananipigia, ananiambia, "Kazi ni kazi, mwanangu, usijiumize." Ananichoma moyo. Bora ningetukanwa.

DADA: Hii umeiandika lini?

WAYA: Siku ya tisa. Zaidi ya mwezi sasa.

DADA: Ikasomwa lini?

WAYA: Siku hiyohiyo. Saa nne na dakika kumi na mbili.

DADA: Subiri.

WAYA: Nini?

DADA: Hiki kiti. Kina mto.

WAYA: Baba alikuwa hakalii mto.

DADA: Najua hakalii mto. Ni ule wa kitenge, wa kiti cha mama cha uani. Na kikombe hapa, kina chai kidogo chini. Bado ina uvuguvugu.

WAYA: Chai ya leo?

DADA: Waya, miwani ya mama iko juu ya kibodi.

WAYA: Ya mama?

DADA: Mimi saa nne niko shuleni. Jumamosi na Jumapili niko nyumbani, haingii. Ni mama. Siku zote alikuwa mama.

WAYA: Mama hajui kompyuta! Mama hata kunipigia Jumapili wewe ndiye unambonyezea—

DADA: Anajua kusoma lakini. Usisahau nani alikuwa anamsomea baba miandiko mibaya ya wateja wakati anachapa. Amekaa hapa, kwenye kiti cha mumewe, na kila asubuhi anakuta mtoto wake anazungumza.

WAYA: Basi amesoma yote.

DADA: Yote.

WAYA: Na ile ya stendi.

DADA: Na ile ya stendi. Halafu Jumapili anakupigia, anakwambia kazi ni kazi.

WAYA: (analia) Siwezi... Dada, kata. Izime tu. Izime sasa hivi, aibu hii nitaiweka wapi?

DADA: Siikati. Waya, nisikilize— aa. Mama.

WAYA: Nini?

DADA: Mama amesimama mlangoni. Anajifuta mikono.

WAYA: Usimpe simu!

DADA: ...Ndiyo, mama, ni yeye. Ndiyo, nimesoma. (kimya) Anauliza umekula.

WAYA: Mwambie nimekula.

DADA: Anasema amekula, mama. Ehe? ...Waya, anauliza kama yule msimamizi bado anakutukana.

WAYA: Mwambie... mwambie amepungua.

DADA: Amepungua, mama. Waya, anavaa miwani. Anakaa. Anasema nisogee nisimzibe mwanga.

WAYA: Anataka kufanya nini? Dada, hiyo harufu vipi?

DADA: Imezidi. Feni sasa hailii tena.

WAYA: Hailii? Imesimama?

DADA: Imesimama. Kimya kabisa.

WAYA: Basi mna dakika, hazitafika tano. Itajizima yenyewe ikipata joto, na ikigoma kujizima itaungua. Mtoe mama humo!

DADA: Mama, Waya anasema tutoke... Hasikii. Ameinua kidole kimoja. Anasema Jumatano aliandika yakawa marefu, kila akisoma anaona hayafai, akafuta yote. Sasa ameona la kusema.

WAYA: Dada, simu hii imepita hapohapo, kwenye mtandao wa mashine hiyo. Ikizima hutanisikia.

DADA: Najua. Vocha ya kawaida sina.

WAYA: Mwambie aongee tu! Niwekee sauti ya juu aongee, asiandike!

DADA: Mama, ongea naye, anakusikia... Anakataa. Anasema kwa mdomo machozi yatamzidi na hutaelewa kitu. Tena anasema wewe uliandika, utajibiwa kwa maandishi.

WAYA: (mikwaruzo) ...naona... dada, naiona...

DADA: Unaona nini?

WAYA: "Anaandika". Jina la baba na ile picha yake ya kofia. "Anaandika".

DADA: Anatafuta herufi. Nimsaidie? Mama, nikuoneshe—hataki, kanipiga mkono.

WAYA: Nasikia. Nasikia tak yake, dada.

DADA: Moshi, Waya, kuna kauzi ka moshi kanatoka nyuma. Mama, basi! ...Anasema moja imebaki. Anauliza ipi ya kupeleka.

WAYA: Ile kubwa, ya kulia! Kubwa ya kulia!

DADA: Hiyo, mama. Hiyo. Amebonyeza.

WAYA: (mikwaruzo) Imeingia.

DADA: Imeingia? Kasemaje? Mimi amenizibia.

WAYA: Imeandika jina la baba. Baba, saa nne na dakika hamsini na nane. "Njoo."

DADA: Tu?

WAYA: Neno moja tu. "Njoo." Dada, nimeshatoka nyuma ya makasha.

DADA: Nachomoa waya wa umeme, Waya, siwezi kungoja, mama anakohoa. Umesikia? Nachomoa.

WAYA: Chomoa. Mwambie mama ninakwenda kuomba ruhusa sasa hivi. Mwambie nitapanda gari safari hii, mwambie kaburi anioneshe yeye mwen—

DADA: Nitamwambia. Kwaheri, mdogo wa—